Shanta la Ndugu Kiongozi

Mniko fundi viatu alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja wake: akikirihika, hafichi. Hutema mate pembeni, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, kisha akaendelea kushona. Mwaka ule wa Azimio la Arusha, mwaka sitini na saba, alitema mate mengi kuliko miaka yote kumi na minane aliyokaa kwenye baraza ile ya duka mjini Musoma.

Chama kilitangaza matembezi. Vijana ishirini na wawili wangetoka Musoma kwa miguu mpaka Butiama, kutoka Butiama mpaka Bunda, na kutoka Bunda mpaka Mwanza, kuunga mkono Azimio. Hapatakuwa na lori la kufuata nyuma. Kila mtu na mzigo wake mgongoni, chakula chake na blanketi lake, maana nchi imesema inajitegemea.

Jambo zuri, hata Mniko alikiri. Ila vijana wenyewe! Walikuja barazani kwake na kila aina ya uchafu ili awatengenezee shanta za kubeba mgongoni. Mmoja alileta gunia la pamba lenye mbegu ndani bado, mwingine akaleta lililokuwa limelaliwa na mbwa. Enoka, kijana wa Makoko mwenye mabega kama fahali, alileta mfuko wa unga akataka utiwe kamba mbili za katani.

"Kamba hizi zitakukata mabega kabla hujafika darajani," Mniko alimwambia.

"Mimi nina nguvu, mzee."

"Nguvu unazo. Akili ya kubeba huna. Kwenu nani anabebaga mizigo?"

Enoka akacheka. "Mama na dada zangu."

"Na wewe?"

"Nabebaga fimbo."

Mniko akatema mate. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa, na halikuwa la Enoka peke yake. Wanaume wa kule walilelewa wakijua kwamba mzigo una mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke. Mwanamume hutangulia na fimbo yake, mikono mitupu, akikohoa. Sasa wameambiwa wajitegemee, na hawajui hata mgongo wao uko upande gani.

Mniko alijua. Akiwa na miaka kumi na sita alibeba masanduku ya wazungu wapima ardhi, kutoka ziwani mpaka nyika za mashariki. Vita ilipokuja akapelekwa Burma, akabeba mizinga ya watu, viatu vya watu, na siku moja akambeba ofisa mwenye kuhara, maili tisa, na kuhara kule kukamshukia mgongoni njia nzima. Ukijumlisha maili zote alizowahi kutembea, ni nyingi za kumfikisha mbali sana. Lakini hakukuwa na maili hata moja aliyoitembea chini ya mzigo wake mwenyewe. Jambo hili lilikuwa likimsumbua rohoni, na alipofikisha miaka hamsini lilizidi.

Kwa hiyo walipomwomba awashonee shanta na kuwafundisha, alitoa sharti moja tu. Jina lake liandikwe. Atembee nao mpaka Mwanza, na shanta lake, kama wao.

Kiongozi wa msafara alikuwa Stanislausi, karani kijana, shati jeupe, nywele zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa. Alitoa daftari dogo jeusi, akaandika: Mniko Burito.

"Lakini nidhamu, mzee," alisema, akiligonga daftari kwa kalamu. "Asiyemtii kiongozi namfuta humu. Akifutwa anarudi nyumbani."

Mniko aliliinamia daftari. Alilitazama jina lake mpaka wino ukakauka.

Akawashonea kwa turubai kuukuu la hema, mikanda mipana vidole vinne, na mkanda mwingine wa kufunga kiunoni. Jumamosi moja akawachukua safari fupi, kwenda Makoko na kurudi, na akawakataza kubeba chochote zaidi ya maji, kiporo na kitambaa cha jasho. Safari ya asubuhi moja haihitaji nyumba, aliwaambia. Jumamosi iliyofuata wakaenda mbali zaidi, wamejaza kila kitu, kwa sababu shanta halichaguliwi likiwa tupu. Shanta tupu humpendeza kila mtu.

"Gati, njoo hapa," alimwita binti mmoja, mwanafunzi wa ualimu aliyekuwa akisikiliza kuliko wote. "Unga umeuweka wapi?"

"Chini kabisa."

"Toa. Kilicho kizito kikae karibu na mgongo, kati ya mabega. Blanketi chini. Kigumu kisikuguse, weka nguo katikati. Unachokihitaji mara kwa mara kiweke juu, usije ukafukua kama kuku. Mafuta ya taa yakae nje, peke yake. Haya, funga mkanda wa kiunoni. Unasikia?"

Gati akatembea hatua chache, akageuka akitabasamu. "Limekuwa jepesi!"

"Halijawa jepesi. Limekaa penye nyama. Na sikilizeni wote: ukibeba cha mwenzio, umemharibu yeye na umejiharibu mwenyewe. Mnajua mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekupa haoni uzito wake tena, hata ukifa nao."

Stanislausi hakuja siku hata moja ya mafunzo hayo. Alikuwa na mikutano.

Alikuja asubuhi ya kuondoka, na shanta la kupandia milima alilouziwa na mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa na vifuko kumi na viwili na lilimpita kichwa. Mniko alilizunguka mara moja tu. Lilikuwa limeelemea kushoto. Katika kifuko cha nje, mbali kabisa na mgongo, palikuwa na kitu kizito cha chuma.

"Hiki ni nini?"

"Pasi."

"Pasi ya mkaa?"

"Mzee, tutapokewa kila kituo. Kiongozi hawezi kusimama mbele ya wananchi na shati lenye mikunjo."

Mikono ya Mniko ilimwasha kutaka kulipanga upya lile shanta, kama mwanamke anavyowashwa akiona mtoto wa jirani ana kamasi. Akaificha mifukoni. Si mzigo wangu, alijiambia, akatema mate, akavaa shanta lake. Ndani alikuwa na blanketi, shati moja, unga, sufuria ndogo, chumvi, sindano na nyuzi zake. Alipofunga mkanda kiunoni, akaufungua tena, akaufunga upya, wenzake wakiwa wameshaanza wimbo.

Safari ya siku mbili mpaka Butiama ilimpa raha aliyokuwa ameisubiri maisha yote, na karaha ambayo hakuitegemea. Karaha ilitembea mbele yake, imeinama. Pasi ilimvuta Stanislausi nyuma, naye akajivuta mbele, akawa anakwenda kama anayetafuta sindano barabarani. Kisha ikaanza harufu. Mwanzoni Mniko alidhani ni mzoga vichakani, lakini mzoga hauongozani na watu maili ishirini. Usiku wa kwanza, wenzao walipokuwa wakila ugali na maharage, Mniko aliona jinsi kiongozi alivyojitenga nyuma ya ukuta wa shule, na shavu lilivyokuwa likitembea. Alikuwa na samaki aina ya kamongo kwenye shanta lake, nusu amebanikwa, nusu mbichi, amemfunga kwenye taulo. Alikuwa akimla peke yake, vipande vipande, halafu anarudi kujifuta mafuta na kuwaambia watu habari za udugu.

Butiama walipokewa kwa ngoma. Stanislausi, katika shati lililopigwa pasi, alihutubia karibu saa nzima. Alilaani unyonyaji, akasema kila mtu na mzigo wake. Alilaani ushirikina pia, akasema taifa linalojenga ujamaa haliwezi kuogopa hirizi na vijiti. Watu wakapiga makofi. Mniko alisimama upande ambao upepo haumfikii.

Asubuhi Stanislausi alimvuta pembeni. Mabega yake yalikuwa yamechubuka.

"Mzee, wewe ulikuwaga mpagazi, au siyo?"

"Zamani."

"Basi leo unisaidie. Mimi nina kazi ya kuongoza nyimbo, siwezi kuimba nikiwa nimeinama. Mpaka Bunda tu." Kisha akagonga mfuko wa shati, ingawa daftari halikuwamo. "Nidhamu, mzee. Unakumbuka."

Mniko alitaka kufikiri. Alitaka kusema hapana, na hapana ile alikuwa nayo tayari kinywani, ameitunza miaka. Lakini kabla hajaisema, aliona magoti yake yamekwisha kupigwa chini na mikono yake imekwisha kufungua shanta la mtu. Magoti yalikuwa yanalijua neno 'unisaidie' kuliko yeye. Kinyaa alichokisikia hapo hakikuwa cha Stanislausi.

Akalipanga upya. Hakuweza kulibeba jinsi lilivyo. Akatoa mashati manne, viatu vya mkutano, kopo la mafuta ya nywele lililokuwa limemwagikia sukari, kioo, pasi, na lile taulo. Alilifungua kidogo akalifunga haraka. Funza.

"Huyu atupwe," alisema.

"Usithubutu! Ukimkwangua juu, ndani ni mzima."

Chini kabisa, chini ya kila kitu, alilikuta daftari jeusi limelowa mafuta ya samaki kwenye pembe. Majina ya watu ishirini na watatu, yamefukiwa chini ya samaki aliyeoza! Akalipangusa, akalifunga kwenye karatasi kavu, akaliweka juu kabisa, linapostahili kuwa. Pasi akaiweka kati ya mabega, mashati kati yake na mgongo, na taulo likarudi humo. Alipomaliza lilikuwa shanta lililopangwa vizuri kuliko lolote alilowahi kulipanga. Akalivaa mgongoni, akahamishia shanta lake kifuani. Likatulia. Halikumwuma popote. Raha ile ya mzigo wa mtu mwingine uliokaa sawasawa mgongoni mwake ndiyo iliyomfanya atapike, maili moja baada ya Butiama, nyuma ya kichaka.

Vijana walimwona na mizigo miwili. Mchana jua lilipokolea, Enoka alikuja ubavuni kwake.

"Mzee, nishikie hili sufuria. Kidogo tu."

Akalishika. Akaja mwingine na kibuyu cha maji. Mwingine akaning'iniza viatu vyake. Kesho yake, walipotoka walikolala Kiabakari, akaja Gati. Hata Gati! Hakuthubutu kumtazama usoni.

"Mzee, blanketi hili... kwa kuwa tayari unabeba."

"Nilikufundisha nini?" Mniko alimwuliza.

Gati akaliacha blanketi juu ya shanta la kifuani, akaenda mbele kuungana na waimbaji. Walikuwa wakiimba kwamba hakuna tena bwana wala mtwana.

Maji ya kamongo yalikuwa yamekwisha kupenya turubai. Yalishuka taratibu kwenye mfereji wa mgongo wa Mniko, yakaingia kwenye suruali. Nzi walimfuata kama ng'ombe mwenye kidonda. Alisikia harufu yake mwenyewe na akajichukia, kuanzia unyayo mpaka utosi. Burma walau alikuwa hajui kusoma, na hapakuwa na aliyemwambia kwamba wote ni ndugu.

Lakini mpagazi ana mwendo wake, hapumziki kila kivuli kama vijana. Saa nane alikuwa amewaacha mbali nyuma. Ndipo kamba ya kufunga mdomo wa shanta la kiongozi ikakatika, taulo likaanza kuchungulia. Mniko akang'oa nyasi ndefu kando ya barabara, akazisokota, akaufunga mdomo kwa fundo la mara tatu, akaendelea. Alipofika pale njia ya kwenda Guta inapoachana na barabara, alitua kila kitu ili anyooshe mgongo. Vikorokoro vya vijana akavipanga kando. Shanta la kiongozi aliliacha pale pale katikati ya njia panda, akaenda kukaa kwenye jiwe, mbali, na kuipa harufu mgongo.

Akavaa shanta lake tu, mgongoni, kwa kujaribu. Akatembea hatua kumi kwenda, kumi kurudi, akakaa tena. Akajua kwamba lile lingine hatalinyanyua tena. Afutwe. Arudi Musoma kushona viatu, jina lake lisisomwe popote. Ilimuuma, iliuma kweli kweli, lakini kinyaa kilikuwa kimezidi uchungu.

Vijana wakatokea wakiimba. Wimbo ukafika njia panda, ukafa.

Mniko aligeuka kutazama kulikoni. Walikuwa wamesimama nusu duara, hakuna aliyesogea. Walikuwa wakilitazama shanta: liko njia panda, limefungwa nyasi mafundo matatu, linanuka mzoga, linatoa nzi, na mzee amekaa mbali nalo, amelipa kisogo. Ikamchukua muda kuelewa. Kwao na kwake, kwa Wazanaki, kwa Waikizu, kwa Wakurya, kila mtoto alikanywa na bibi yake. Ugonjwa ulioshindikana hutolewa nyumbani, hufungwa, huachwa njia panda. Atakayeuokota ataondoka nao.

"Mzee," Gati alisema kwa sauti ndogo, "umelifanya nini?"

"Nimelitua."

Neno moja tu lingetosha: kamba ilikatika. Hakulisema. Aliwatazama wale wasomi, vijana wa taifa jipya, Azimio liko mifukoni mwao limechapwa vizuri, na wanaogopa nyasi. Akatema mate.

Mmoja mmoja wakasogea kando, wakachukua haraka kila mtu kilicho chake. Enoka alichukua sufuria lake. Gati alichukua blanketi, akalikunja, akafungua shanta lake akaliweka chini kabisa, kama alivyofundishwa. Machozi yalimlengalenga. Likabaki lile moja.

Stanislausi alifika wa mwisho, mikono mitupu. "Kuna nini? Twendeni!" Kisha akaliona. Akameza mate.

"Enoka, libebe."

"Ndugu kiongozi, kila mtu na mzigo wake. Ulisema mwenyewe Butiama."

"Ni upuuzi huu! Ushirikina!" Akapiga hatua tatu kwa kishindo, akanyoosha mkono. Nzi wakaruka wote kwa pamoja. Mkono ukarudi wenyewe, ukajifuta kwenye suruali, ingawa haukuwa umegusa kitu. "Tutatuma gari lilichukue," alisema.

Walitembea mpaka Bunda bila kuimba. Karibu na mji Stanislausi alimsogelea Mniko.

"Mzee, wewe ni mtu mzima, halikudhuru. Rudi ukalichukue. Nitakuandika msaidizi wangu mpaka Mwanza."

"Mzigo ni wako, baba. Wa kwangu ninao."

"Basi nakufuta! Nakufuta sasa hivi!" Mkono ukaenda mfukoni. Ukakaa humo.

Wenyeji wa Bunda walikuwa wamejipanga kando ya barabara, wakulima wa pamba, akina mama, watoto wa shule. Mwenyeji wao alikuwa Justina, katibu wa tawi, mama mnene asiye na haraka, na meza imewekwa mbele yake.

"Karibuni ndugu. Orodha, tafadhali."

"Iko njiani," alisema Stanislausi.

"Njiani wapi?"

Justina akachana karatasi kwenye daftari la shule. "Basi kila mmoja ataje jina lake, aoneshe mzigo wake. Ndivyo tulivyoagizwa."

Wakapita. Mniko alipofika mezani, Justina alikunja pua kidogo kwa harufu ya shati lake, lakini akauliza kwa heshima, "Shikamoo mzee. Jina?"

"Marahaba. Mniko Burito."

"Mzigo?"

Akageuka akamwonesha mgongo. Justina akaandika. Mniko alisubiri afurahi, na furaha ilikuwa inakuja.

"Na wewe, ndugu kiongozi? Mzigo?"

Stanislausi alitazama umati, akatazama viatu vyake. Kisha akanyoosha kidole. "Mzigo wangu anao mzee yule."

Watu wote wakamgeukia Mniko. Yeye akafungua mkanda wa kiunoni, akalitua shanta lake mezani, akaanza kutoa. Blanketi. Shati. Unga. Sufuria. Chumvi. Sindano na nyuzi.

"Hivi ni vyangu vyote," alisema. "Chake kiko njia panda ya Guta, na daftari limo, juu kabisa. Nimekifunga kwa nyasi kwa sababu kamba ilikatika. Hamna kingine mle ila samaki aliyeoza na pasi."

Enoka akainamisha kichwa. Gati akafunika uso kwa viganja.

"Kama ni kamba tu," Justina alimwambia Stanislausi, "jua bado lipo. Si ukalichukue?"

Barabara ilikuwa nyeupe na wazi mpaka macho yanapoishia. Stanislausi aliitazama. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa kwapani. Alisimama, akasimama, na hakunyanyua mguu.

Justina akashusha kalamu, akaandika mbele ya jina lake, akisoma kwa sauti kama alivyowasomea wengine: "Hana mzigo."

Mniko hakutema mate. Alikuwa ameanza kupanga vitu vyake upya, blanketi chini, unga karibu na mgongo, maana Mwanza ilikuwa mbali bado.